Bwana Harusi Yuaja!

Nilitoka Tanga alfajiri, nikavuka mpaka Horohoro, na adhuhuri nikawa ndani ya feri ya Likoni. Njiani hakuna la kusimulia. Nilikuwa naenda harusini Mji wa Kale, Mombasa, na shangazi alishaniagiza nipitie Biashara Street, ninunue leso za kumtunza mama wa bibi harusi.

Leso huchaguliwa kwa maneno yake. Nilichukua "Wema hauozi". Mama aliyesimama ubavuni pangu akaomba "Wasiwasi wako ndio maradhi yako", akailipia bila hata kutabasamu. Sikuthubutu kuuliza itavaliwa mbele ya nani. Huyo mlengwa, akilalamika, ataulizwa: kwani umetajwa? Ndivyo ulimi unavyovaa buibui, na wenyeji wanaujua mchezo huo tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wao aliyejaza siasa za Wamazrui, watawala wa Mombasa wa wakati wake, ndani ya mafumbo.

Jioni, huku tukipigwa piko na hina, shangazi alisimulia.

"Mwanangu, zamani hata kujifunika kulikuwa na wenyewe."

Wanawake wa kiungwana walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa. Mtumwa mwenyewe hakuruhusiwa kujisitiri hivyo. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa nao wakavaa buibui, na ukikutana na mtu kichochoroni hujui bibi yake alikuwa nani. Kwangu mimi, hiyo ni sababu tosha ya vazi kupendwa.

Usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake watupu, simu zilikusanywa mlangoni, mabuibui yakavuliwa. Lo! Dhahabu hadi viwikoni, migongo wazi, asumini vichwani, udi mpaka macho yanawasha. Mmoja alicheza chakacha hadi wapiga ngoma wakamwomba apumzike. Aliponiita kwa jina ndipo nilipomtambua: mchana tulikunywa chai pamoja, yeye akiwa na nikabu, mimi nikidhani ni mtu mpole.

Ghafla mlangoni: "Bwana harusi yuaja!"

Sijaona wepesi ule. Mitandio, mabuibui, leso ya jirani, chochote. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima ni mweusi na kimya. Kijana akapita katikati yetu ameinamisha macho, akaketi kando ya mkewe, wakapigwa picha, akaondoka.

Mlango haujafungwa sawasawa, yule wa nikabu akawa anadai wimbo uanze upya.