Benz Kompressor imeishiwa nguvu: anza na mipira ya hewa, kompresa iwe ya mwisho

Kuna hukumu moja inayotolewa haraka mno kwa Benz hizi: "kompresa imekufa," yaani kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada. Gari linawaka, linatembea, lakini ukitaka kulipita lori la korosho kati ya Mingoyo na Masasi halivuti. Fundi anafungua boneti, anasikiliza kidogo, anahukumu. Pesa inatumwa Kariakoo, kompresa ya mtumba inapakiwa kwenye basi, inafungwa, na gari linabaki zito vilevile.

Nazungumzia C180 na C200 Kompressor za umbo la W203 zenye injini ya M271, silinda 4, lita 1.8, iliyoanza kufungwa mwaka 2002. Hata ile changa kuliko zote sasa ina zaidi ya miaka 15. Kompresa yenyewe ni chuma: rota mbili, gia, beringi na oili yake yenyewe. Kinachochoka kwanza kwenye gari la umri huo ni mpira na plastiki inayoizunguka.

Fuata njia ya hewa. Inatoka kwenye filta, inapita sensa ya hewa, inaingia kompresa, inapoozwa kwenye intakula, inafika throto (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta), kisha manifodi inayoigawa kwa silinda. Sasa chukua tundu moja dogo baada ya throto. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, ndani ya manifodi kuna mvuto, kwa hiyo tundu linanyonya hewa ambayo sensa haikuipima. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, sailensa inacheza, kodi ya hitilafu P0171 inatokea. Ukikanyaga mafuta, kompresa inajaza manifodi na tundu lilelile sasa linatema nje hewa iliyokwishapimwa. Kompyuta inatoa mafuta ya hewa ambayo haipo tena, mchanganyiko unakuwa mzito, na eksozi inatoa moshi mweusi. Mwenye gari analeta malalamiko mawili yanayopingana, na fundi anatafuta magonjwa mawili. Tundu likiwa kati ya kompresa na throto, sailensa hutulia kabisa. Nguvu ndiyo inayopotea.

Kabla ya kushika spana, unganisha kifaa cha kusomea kodi, hata kile cha bei nafuu kinachotumia simu. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie presha ya manifodi kama kifaa chako kinaionyesha. Hapa pwani, Mtwara mjini au Lindi mjini, isome karibu 100 hadi 101 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha), maana tuko usawa wa bahari. Newala juu ya uwanda wa Makonde itasoma chini zaidi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usiilaumu sensa. Injini ikiwaka na kupata moto, sailensa ishuke hadi kati ya 30 na 45. Kisha nenda barabara tupu, mwenzako ashike simu, weka gia ya pili, kanyaga hadi mwisho kuanzia mzunguko 2,500 hadi 4,500. Namba lazima ivuke 100 waziwazi. Ikigota 95, kompresa haijazi kitu: belti inateleza, bomba limechomoka, kilango cha kurudishia hewa kimekwama wazi, au kompyuta imejifunga kwa usalama. Ikivuka vizuri na gari bado zito, achana na hewa. Tafuta kwenye mafuta, koili, eksozi au gia boksi.

Tazama pia STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Jumla yake ikizidi asilimia 10 kwenda juu ukiwa sailensa, halafu ikashuka ukishikilia 2,500, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Ikipanda zaidi kadiri unavyoipa injini mzigo, mafuta hayatoshi.

Mhalifu namba moja wa M271 ni kiwiko cha mpira cha kupumulia injini, kilichojificha chini ya manifodi upande wa kompresa. Ukikitazama kwa juu utaapa ni kizima. Kichomoe. Mvuke wa oili umekilainisha hadi kinabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, na ukikikunja, ufa unafunguka upande wa chini, pale ambapo tochi haifiki. Dalili ya haraka: injini ikiwa sailensa, jaribu kuinua mfuniko wa oili. Ukivutwa kwa nguvu, au mluzi ukibadilika, umekaribia. Badilisha mipira yote ya mfumo huo kwa pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kufika pale. Gundi na utepe havishiki kwenye mpira ulioloa oili.

Kupima mfumo mzima, ziba mdomo wa bomba baada ya sensa ya hewa kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ingiza hewa isiyozidi bar 0.3, nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Ukizidisha utaharibu sili za injini. Sauti ikisikika kwenye stiki ya oili, hewa inapita njia ya kupumulia au kwenye pistoni. Hiyo si hozi ya intakula.

Sensa ya hewa isome takribani gramu 2 hadi 4 kwa sekunde sailensa, eyasi (kiyoyozi) ikiwa imezimwa. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa. Na gari kuchangamka baada ya kuchomoa soketi yake si ushahidi kwamba imekufa: kompyuta imeacha kuiamini tu na inakisia, na makisio hayo huficha tundu la hewa.

Halafu chomoa soketi za sumaku za kamshafti (shafti inayofungua valvu) mbele ya injini. Ukikuta oili ndani ya pini, simama hapo. Oili hiyo husafiri ndani ya waya hadi kwenye sensa za oksijeni na kompyuta yenyewe. Badilisha sumaku, ongeza vipande vya waya vya kuzuia oili. Ukisikia pia mlio wa kokoto kwa sekunde chache asubuhi, au ukapata kodi P0016 au P0017, kagua cheni ya taimingi na gia za kamshafti kabla gari halijatembea tena. Cheni ikiruka, valvu zinagonga pistoni.

Chumvi ya bahari hapa kwetu inakula eneo la ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma, kimyakimya. Weka mita kati ya hasi ya betri na bloku, injini, taa na feni zikiwaka. Ikizidi volti 0.2, fungua, sugua hadi chuma king'ae, paka grisi juu baada ya kukaza.

Presha ya mafuta kwenye M271 ikae kwenye kiwango cha kitabu cha gari, na isidondoke ukikanyaga. Eksozi: fungua sensa ya oksijeni ya kwanza, funga geji, ikizidi bar 0.2 kwenye 2,500, katalisti, kisafisha moshi ndani ya eksozi, imeziba.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo kompresa. Injini ikiwa baridi, toa belti, zungusha pulii kwa mkono. Izunguke laini, isikwaruze, isicheze mbele na nyuma. Washa bila belti kwa sekunde 20 tu, maana pampu ya maji haizunguki. Kelele ikitoweka, inaweza kuwa kompresa, lakini pia altaneta, pampu ya maji au tensheni, kwa hiyo zungusha kila moja. Chungulia kilango cha kurudishia hewa: kikinata kwa uchafu wa oili, kisafishe hadi kirudi chenyewe. Ukikuta oili ya kompresa imepungua, ongeza oili yake maalumu. Ya injini na ya gia boksi hazifai.