Siku Baba Alipochomwa Sindano za Kwanza

Miguu ya baba iligoma mlangoni. Kiwiliwili kilishaanza kwenda mbele, nyayo zikaganda sakafuni. Ugonjwa wa Parkinson ndivyo ulivyo: mlango mwembamba au kona humgandisha mtu ambaye punde tu alikuwa akitembea. Sikumvuta, maana kumvuta ndiko kumwangusha. Niliweka mguu wangu mbele ya wake, nikamwambia, “Baba, ruka huu.” Akauruka, tukaingia.

Mtaalamu wa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, hakukimbilia sindano. Aliweka kiti, akapima mita 3, akamwomba baba ainuke, aende, ageuke, arudi akae. Saa nilishika mimi. Sekunde 34, na nyingi ziliishia pale pa kugeuka.

Kisha baba akalala. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, wala hazina dawa ndani. Moja iliingia chini ya goti, upande wa nje, mahali Wachina wanapopaita Yanglingquan. Nyingine kando ya muundi. Nyingine juu ya mguu, kati ya kidole gumba na kinachofuata. Nilijiandaa kumwona akikunja uso. Alisema anasikia uzito tu, kama mguu uliolaliwa. Zilikaa dakika 25.

Alipopimwa tena: sekunde 23. Baba akatabasamu, yeye ambaye ugonjwa ulikuwa umemkausha uso miezi mingi. Nililia mbele ya watu.

Tulikuwa njiani kurudi nilipokumbuka kidonge. Alimeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, tulipokuwa tunatoka nyumbani, na dawa hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima kukolea. Alipopimwa mara ya kwanza ilikuwa bado. Mara ya pili ilishakolea. Sasa nani alimtembeza, sindano au kidonge? Nilisita kumwambia, nikaona kumficha ni kumdharau. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, zilikuwa zikifa, na hakuna sindano iliyojulikana kuzirudisha. Sikutaka furaha ya siku moja imfanye aache vidonge.

Alinyamaza kidogo. “Basi mwanangu, wiki ijayo nitameza mapema. Tupime kikiwa kimekolea, kabla na baada.”

Jioni alitoa daftari, akaandika 34, akaandika 23, kwa mwandiko wake uliokuwa ukizidi kuwa mdogo kila mwezi. Pembeni akaandika saa aliyomeza kidonge.