Mstari wa 12

Jana usiku kitinda mimba wangu alikuwa akikariri Mathayo 6 ya shule ya Jumapili. Kwenye mstari wa 12 wa Sala ya Bwana, "utusamehe deni zetu," akasimama. "Mama, kanisani tunasema makosa. Mbona hapa ni deni? Wadeni wetu ni kina nani?"

Nikamwambia alale. Mimi sikulala.

Mnakumbuka soko la Gikomba, Nairobi, lilivyoungua alfajiri ya Juni 28, 2018. Watu 15 walikufa, ndiyo maana hadi leo naona haya kutaja mitumba yangu miwili ya nguo za watoto. Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu ya kupokea kwenye chama chetu cha kuchangiana, shilingi 46,000. Mweka hazina, dada tuliyeimba naye kwaya, akazima simu. Kayole alikokuwa akikaa nikakuta kufuli.

Kanisa sikuacha, ila nilienda na kinyongo. Mtu akisema Bwana asifiwe, najiuliza anataka pesa ya nani. Sala ya Bwana ikifika kwa waliotukosea, nafunga mdomo. Mwaka na zaidi. Shosho, bibi mzee niliyezoea kuketi naye kanisani, akaniinamia siku moja: "Mama Imani, huo mstari unaumeza. Utakukwama." Nilimkasirikia sana.

Halafu Desemba 2019, mvua zile. Stendi ya Muthurwa, nangoja gari, nikasikia nyuma yangu, "Mayai! Mayai moto!" Ile sauti ningeijua hata usingizini, miaka sita tuliimba bega kwa bega.

Alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, ndoo ya mayai miguuni. Aliniona. Hakukimbia. Maneno niliyompangia yalikuwa tayari ulimini. Akachukua yai, akaligonga ukingoni mwa ndoo, akaanza kulimenya. Vidole vilimtetemeka hata ganda likawa linatoka na yai lenyewe. Akawa anaokota vipande vya ganda kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Akalipasua, akatia kachumbari, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama Imani," akasema. Hakuweza kuendelea.

Nikala. Kipande cha ganda kilikuwa kimebaki, nikakisikia kwenye jino, nikakimeza pia. Nikatoa shilingi 20, akatikisa kichwa. Gari likaja.

Sikumwambia nimemsamehe, ningekuwa nasema uongo. Lakini usiku ule nilipopiga magoti nilitaja jina lake mbele za Mungu bila kumwombea mabaya, nikalia hadi Baba Imani akaamka. Jumapili nilisema mstari wote. Shosho hakugeuka, alinishika mkono tu.

Leo asubuhi mtoto hakuwa amesahau. Nikatoa kaunta buku ya chama, nikamwonyesha jina na hesabu.

"Alilipa?"

"Bado."

"Ulimsamehe?"

Nikasema ndiyo, kisha nikasema karibu. Akachukua kifutio chake. Nikamwambia ni kalamu ya wino, haifutiki. Akasugua hata hivyo, ulimi nje, karatasi ikaanza kuchubuka, hadi gari la shule likapiga honi.