Hana Hata Ukucha Wetu

"Hana hata ukucha wetu," alisema mama mkwe Jumapili, akimtazama binti yetu, kitinda mimba, kisha akamvuta kaka yake kifuani na kuongeza, "Huyu ndiye mimi mtupu." Nilijibu, "Sawa, Mama," nikaenda jikoni kuchuja chai. Tangu hapo maneno hayo yamenifuata kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, na hata usiku ule mume wangu alipopata barua ya kuhamishiwa Kisumu, habari ambayo ilistahili kunikosesha usingizi zaidi.

Wiki hii Kidato cha Tatu, ninaowafundisha biolojia, walikuwa wamefikia meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mbegu na mayai ya uzazi. Nilieleza kwamba katika profasi ya kwanza, hatua ya mwanzo, kila kromosomu (uzi unaobeba urithi) iliyotoka kwa mama hujipanga na mwenzake iliyotoka kwa baba, zikashikana na kubadilishana vipande. Kwamba katika anafasi ya kwanza, hatua ya kutengana, hizo mbili huachana, kila moja ikienda upande wake huku kromatidi zake, yaani nyuzi zake mbili pacha, zingali zimeungana kwenye sentromea, pale zinaposhikana. Na kwamba kromatidi hizo hutengana katika anafasi ya pili tu. Nilifundisha kwa ukali usio wa kawaida, kana kwamba Mama ameketi dawati la mbele. Kwa namna jozi 23 zinavyoweza kujipanga katikati ya seli, kabla hata ya kuhesabu vipande vilivyobadilishwa, mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8. Nani basi wa kumdai mtoto pua?

Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kromosomu za jinsia, X na Y, hubadilishana nini, ilhali hazilingani?" Nikamjibu kwamba kwa mwanamume hizo mbili hushikana sehemu ndogo za nchani tu, hivyo X yake humfikia binti yake karibu kama alivyoipokea. Nilipokwisha kusema hayo nikanyamaza. X ya mume wangu ilitoka kwa mama yake. Binti yetu, asiye na hata ukucha, ameibeba karibu nzima. Kaka yake, yule "mimi mtupu", alipokea Y ya babu yake, na X aliyo nayo ni yangu. Haki yake Mama nimpe, kwani katika kromosomu 22 nyingine za baba yake kijana huyo naye ana vipande vingi vya bibi. Hata hivyo nilicheka peke yangu hadi kengele ikalia.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kumwambia. "Mama, binti huyu amechukua X yako" hakufai, maana ataniuliza kama ni ugonjwa na unatibiwa wapi. Jana nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa vizuri, lakini alikohoa muda mrefu kabla ya kuitikia salamu, akasema ni vumbi. Jumapili pia alikuwa akikohoa. Mume wangu anasafiri Jumatatu, na Mama hakubali kupelekwa hospitalini na mtu mwingine yeyote.