Mifupa ya Kijivu Ukumbini Diamond Jubilee

Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa floridi ni nini. Ameshaiona kwenye meno ya ndugu na jirani. Maji ya chemchemi na visima vingi vya Arumeru, mkoani Arusha, yamepita kwenye miamba ya volkano na kuyeyusha floridi iliyomo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Floridi ikizidi sana huingia kwenye mifupa na kupinda miguu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilianza na kiwango cha muda cha miligramu 8 mwaka 1974, kwa kuwa kukataa kila chanzo kilichozidi 1.5 kungeacha vijiji vingi bila maji. Tulipokuwa kidato cha tatu kiwango kilikuwa 4. Baadaye kikashushwa hadi 1.5.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa kemia alipoleta habari za Young Scientists Tanzania, mada tulikuwa nayo tayari. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, kwa kufuata mfano wa maonyesho ya wanasayansi vijana ya Ireland yaliyoanza mwaka 1965. Wanafunzi wawili, wakiongozwa na mwalimu, wanachagua tatizo la mahali wanapoishi, wanalifanyia utafiti, na wakichaguliwa wanakwenda Dar es Salaam kusimama mbele ya kazi yao na kuulizwa maswali.

Kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa hakukuwa ugunduzi wetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru, kimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfati ambayo, ukishachomwa vizuri, huachia haidroksidi yake na kushika floridi ya maji mahali pake. Swali letu lilikuwa dogo kuliko hilo: familia yenye kopo, magunzi na moto, isiyo na tanuri wala kipimajoto, itajuaje kwamba mifupa yake imeiva sawasawa?

Hapo ndipo pana kazi yote. Mfupa uliochomwa chini ya nyuzi 400 hivi hubaki mweusi, mafuta na nyama havijaisha, na maji yakipita humo hutoka ya njano yenye harufu ambayo hakuna mtu atakayeivumilia kikombeni. Ukipita sana nyuzi 600, hasa hewa ikiingia, mfupa hugeuka mweupe kama chaki. Unapendeza kwa macho, lakini vinyweleo vyake vimejifunga na uwezo wake wa kushika floridi umeshuka sana. Unaotakiwa ni wa kijivu. Lakini kijivu cha mtu mmoja ni cheusi cha mwingine, na jaji wa sayansi hakubali rangi peke yake kuwa kipimo.

Tulitumia metali mbili. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, alumini kwenye 660. Zinki ilitoka kwenye ganda la betri kubwa za redio, lililokwanguliwa unga mweusi na kuoshwa. Alumini ilitoka kwenye waya wa umeme. Vipande viwili vya ukubwa wa kucha viliwekwa katikati ya kila kopo la mifupa, na vingine viwili kwenye ukingo. Kopo likifunguliwa, zinki iliyojikunja kuwa tone na alumini iliyobaki na kingo zake kali maana yake joto lilipita 420 bila kufika 660. Zinki nzima ni mifupa mibichi. Alumini iliyoyeyuka ni mifupa iliyoungua. Kipimo hiki hakikupi joto halisi, kinakupa mipaka miwili, na kwa kazi hii mipaka miwili inatosha.

Vipande vile vilitufundisha jambo ambalo rangi ingelificha. Kwenye debe la lita 20, zinki ya ukingoni iliyeyuka na ya katikati ikabaki kama ilivyowekwa. Mifupa iliyojaa ndani ya debe hupitisha joto polepole mno. Ukingoni inaanza kuwa nyeupe huku kiini bado ni cheusi. Dawa yake ni chombo chembamba. Makopo ya maziwa ya unga, yale ya kilo mbili, yaliiva kote kwa usawa. Kifuniko kinatobolewa tundu moja la msumari ili gesi itoke. Pasipo tundu, kifuniko hufyatuka, hewa huingia na mifupa ya juu huwa majivu. Makopo yanapangwa ndani ya pipa lililokatwa nusu, yanazungushiwa magunzi na kufunikwa kwa pumba za mpunga ili moto uende taratibu. Moto unatunzwa kwa muda wa saa nne hivi, halafu makopo yanaachwa yamefungwa hadi asubuhi. Usilifungue la moto, kwa sababu mifupa ya kijivu ikikutana na hewa ingali na joto hugeuka myeupe mbele ya macho yako.

Kabla ya moto kuna kuchemsha. Mifupa ya machinjioni ina uboho, na uboho ndio mama wa harufu. Mifupa inapondwa vipande vya urefu wa kidole, inachemshwa, mafuta yanaenguliwa, inachemshwa tena kwa maji mapya, kisha inaanikwa juani hadi ikigongana itoe sauti kavu. Baada ya kuchomwa inatiwa kwenye kiroba na kugongwa kwa nyundo, halafu inachekechwa mara mbili. Tulibakiza chenga za kati ya nusu milimita na milimita mbili. Zilizo kubwa zaidi zina eneo dogo la kugusana na maji. Unga wa chini ya hapo huziba koki. Mwisho zinaoshwa hadi maji ya kuoshea yatoke meupe, na uoshaji huu hauna njia ya mkato.

Kwa majaribio tulikata matako ya chupa za maji za lita moja na nusu, tukazigeuza kichwa chini na kuzifunga mpira wa dripu shingoni, ule wenye kigurudumu cha kupunguza mwendo. Chupa ya kwanza ilipata gramu 300 za mkaa wa mifupa, ya pili mkaa wa kawaida wa kupikia na ya tatu mchanga wa mto, zote za chenga zilezile na kimo kilekile. Maji yalitoka kisima kimoja na kupita kwa mililita 17 kwa dakika, yaani lita moja kwa saa. Chenga zinajazwa kwanza kwa maji yanayopandishwa kutoka chini ili hewa itoke. Ukimimina kutoka juu kwenye chenga kavu, mapovu hubaki ndani, maji hutafuta njia ya kuteleza kando ya ukuta wa chupa na kutoka chini bila kuguswa na chochote.

Kipimo cha floridi hakikuwepo shuleni. Maabara ya maji mjini ilitukubalia kutumia elektrodi yao. Sampuli huchukuliwa kwenye chupa za plastiki na huchanganywa nusu kwa nusu na kimiminika cha TISAB, ambacho hushikilia pH kati ya 5 na 5.5 na kuiachilia floridi iliyoshikwa na alumini au chuma. Elektrodi husahihishwa kwanza kwa vimiminika vya miligramu 1 na 10 kwa lita. Maji ya kisima yalisoma karibu na 7. Yaliyopita mchangani na kwenye mkaa wa kupikia hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Yaliyopita kwenye mifupa ya kijivu yalikuwa chini ya 1.

Namba hizo tulizibandika ubaoni katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga. Kila kundi lilikuwa na meza na mbao zake za maelezo, na ukumbi ulijaa kelele za wanafunzi waliokuja kutazama. Tulisafiri na madumu ya maji ya nyumbani, kwa sababu jaribio linaloonyeshwa ni lazima litumie maji yaleyale yaliyopimwa. Mbele ya meza palikaa glasi tatu za mifupa: nyeusi, kijivu, nyeupe, kila moja na vipande vyake vya zinki na alumini juu ya karatasi. Watoto wa shule za Dar walivutiwa zaidi na nyeupe. Majaji walikwenda moja kwa moja kwenye daftari.

Hili mwanafunzi anayejiandaa na mashindano haya alijue mapema: bango zuri humsimamisha mgeni, lakini jaji hufungua daftari la kazi. Hutafuta tarehe, vipimo vilivyokataliwa na sababu zake, mwandiko wa watu wawili. Jaji wa kwanza, mhadhiri wa kemia, aliweka kidole kwenye safu ya mchanga.

“Hii ya nini, wanangu? Mchanga hauondoi floridi.”

“Shikamoo Profesa. Ndiyo sababu tuliuweka. Floridi ingepungua na kwenye mchanga, tungejua tatizo ni chupa au kipimo, siyo mifupa.”

Akauliza chujio litachoka lini. Swali hili huangusha kazi nyingi za maji, maana chujio jipya lolote huonekana hodari. Tulikuwa na chujio dogo kwa ajili hiyo: bomba la sindano la mililita 60 lenye gramu 20 za mkaa wa mifupa, maji yakipita kwa matone 20 kwa dakika usiku na mchana. Maji yalibaki chini ya 1.5 hadi lita kama sita, kisha floridi ikaanza kupanda. Kwa hesabu hiyo, ndoo ya nyumbani yenye kilo nne za mkaa huo ingehudumia lita 1,200, na nyumba inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia ingekaa nayo miezi miwili. Profesa akakata nusu palepale: kwenye ndoo pana maji huteleza pembeni kuliko kwenye bomba jembamba, hivyo ahidini mwezi mmoja. Alikuwa sahihi, na tuliandika mwezi mmoja.

Jaji wa pili aliuliza kwa nini tusitumie shabu na chokaa. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kipimo cha shabu hubadilika kila maji yanapobadilika, inaacha tope la kutupwa kila siku, na ikizidishwa huacha ladha na alumini kwenye maji. Akauliza pia mifupa ni ya mnyama gani. Swali zito, kwa kuwa chujio ambalo jirani hawezi kulinywea kwa imani yake si chujio la kijiji. Ilikuwa ya ng'ombe waliochinjwa kihalali, kutoka machinjio moja tu, na iliandikwa hivyo kwenye ndoo. Kwa nyumba isiyotumia ng'ombe, mifupa ya mbuzi huchomwa kwa namna ileile, ila ni myembamba na hufika weupe mapema, hivyo makopo yake yapewe moto mfupi zaidi.

Tuzo ya juu ilikwenda kwa wengine. Kundi letu lilitajwa kwenye sayansi za kemia, fizikia na hisabati, na mwalimu alifurahi kutuzidi.

Swali lililobaki nasi liliulizwa na jaji mmoja mama, akiwa ameshafunga kalamu yake.

“Hayo maji yenu safi, nyumbani mnapikia makande?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa magadi?”

Magadi ya Ziwa Natron huja na floridi yake. Nyumba inaweza kuchuja maji mchana kutwa na jioni ikairudisha floridi sufuriani kwa kijiko kimoja. Tukiwa bado mezani tulianza kuandika jaribio: gramu 10 za magadi kutoka kwa wauzaji tofauti wa soko la Tengeru, kila sampuli iyeyushwe kwenye lita moja ya maji yaliyosafishwa. Magadi ni besi kali kuliko TISAB inavyoweza kustahimili, na haidroksidi ikiwa nyingi elektrodi huihesabu kama floridi. Kwa hiyo itiwe asidi kidogo kidogo kwanza, mapovu yaishe kabisa, pH ifike 5.5, ndipo kipimo kichukuliwe. Mama yule alisoma, akaongeza mstari mmoja kwa kalamu yake: pimeni na maharage yenyewe, kabla na baada ya kupikwa.