Nilivyomtambua mbega mwekundu kando ya barabara ya Mang'ula

Alikuwa juu ya mti, kama mita 30 kutoka barabarani, kati ya Sanje na Mang'ula, upande wa milima ya Udzungwa, Tanzania. Kwa eneo hili kuna majibu sita ya kufikiria: nyani, tumbili, kima, mbega mweupe, mbega mwekundu, au ngolaga wa Sanje (mangabey kwa Kiingereza), ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu. Kazi ni kupunguza orodha.

Kwanza gari litoke kabisa kwenye njia, maana malori ya miwa hupita hapo, na injini izimwe. Simu niliiweka chini. Dakika ya kwanza ni ya macho na darubini (ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha). Picha ya simu iliyovutwa sana hutoa ukungu mtupu.

Nilianza na mkia. Ulining'inia wima kama kamba, mrefu kuliko mwili, bila weupe nchani. Nyani akatoka kwenye orodha, kwa kuwa mkia wake hupanda kidogo kisha huanguka kana kwamba umevunjika. Mbega mweupe naye akatoka: ncha ya mkia wake ni nyeupe, na mabegani ana manyoya marefu meupe.

Kisha nikangoja ashike tawi. Vidole vinne vilijikunja kama ndoana na kidole gumba hakikuonekana. Kwa mbega wote mahali pake hubaki kinundu tu, na neno colobus lililo katika majina yao ya kisayansi limetokana na neno la Kigiriki la kitu kilichokatwa. Alama hii peke yake iliwaondoa kima, tumbili na ngolaga. Mkono ukifichwa na majani, tazama shavu. Kima akila tunda hulisukumia kwenye kifuko cha shavuni mpaka uso unavimba upande mmoja. Mbega hana kifuko hicho. Ana kitambi, kwa sababu majani anayokula huchachuka tumboni kwanza.

Rangi niliiacha nyuma kwa makusudi, kwani ndiyo inayopotosha wengi. Mnyama aliye mbele ya anga huonekana mweusi tii hata kama utosi wake ni wa rangi ya kutu. Hapa milima iko magharibi ya barabara: asubuhi jua hupiga msitu usoni, lakini alasiri likishuka nyuma ya milima kila kitu huwa kijivu. Kwenye simu, gusa alipo mnyama kwenye kioo, kisha pandisha mwanga hata kama anga litapotea kabisa. Picha haitapendeza, ila utosi utaonekana. Wa huyu ulikuwa mwekundu, uso mweusi, mgongo wa kijivu kizito na tumbo jeupe. Mbega mwekundu wa Udzungwa, Piliocolobus gordonorum.

Sauti ilithibitisha. Mbega mweupe hunguruma kwa sauti nzito. Hawa walitoa milio mifupi, myembamba, karibu kama ya ndege.

Kuna mitego miwili. Mbega hawa hula pamoja na kima na mbega weupe kwenye mti mmoja, kwa hiyo ukimtambua mmoja hujalitambua kundi: mpitie kila mnyama peke yake. Na mtoto mchanga wa mbega mweupe huzaliwa mweupe mwili mzima. Si aina nyingine.

Programu ya simu ya kutambua wanyama ikikupa jina la kima punju, angalia ramani kabla ya kukubali. Kima punju, licha ya jina lake, ni mbega mwekundu wa Unguja, naye ana utosi mwekundu vilevile; picha moja ya mbali huenda isitoshe kuwatenganisha, mahali ndipo panapoamua. Ndiyo maana huwasha GPS kabla ya kupiga picha, na kuandika papo hapo saa, idadi ya wanyama na mti walimokuwa. Chakula siwapi kamwe: mnyama aliyezoea kulishwa hushuka lami, na hapo magari humgonga.