Mwani nisioupanda

Mama yangu amelima mwani Paje tangu mimi mdogo. Bahari ya bamvua ikipwa, yeye na wenzake hushuka na vigingi na kamba, wakafunga vipande kimoja kimoja, halafu wiki chache baadaye wakalalamika kwamba tasi wamekula nusu ya shamba. Mimi, niliyesomeshwa kwa mwani, nimemaliza karibu mwaka mzima hapa Leicester nikipigana na mwani ndani ya tangi la samaki na matumbawe la lita 180, tena kwa hela zangu mwenyewe.

Tangi nilianza kulifuga kwa ajili ya ukiwa wa baridi. Matumbawe laini machache, magumu mawili matatu, samaki wanne. Miezi mitatu ilikuwa raha tupu. Wa nne mawe yakaota nywele: nyuzi za kijani ndefu kama kidole, zikayafunika matumbawe mpaka yakashindwa kufunguka. Nikasugua kwa mswaki, nikang'oa kwa mkono, nikanunua konokono sita. Walikula kweli, lakini konokono wale wakubwa wakianguka chali mchangani hujigeuza kwa taabu, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa na zamu ya kugeuza konokono. Nikapunguza taa kutoka saa kumi kwa siku hadi sita. Nywele zikapungua kidogo, zikarudi.

Siku moja nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umeshika mswaki na huko ni sebuleni?"

Nikamwonyesha tangi. Alitazama kimya, kisha akacheka. "Sisi huku tunaubembeleza ukue, unatukatikia. Wako hujaupanda na umestawi namna hiyo. Unaulisha nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilizoea kupima chumvi na joto tu. Nilipopima fosfeti, kirutubisho kinachokuza mwani, nikakuta miligramu 0.4 kwa lita, ilhali matumbawe yanaridhika na 0.03 hadi 0.1. Nikapima maji ya mfereji: yamelishinda tangi. Kumbe Uingereza maji mengi ya mfereji hutiwa fosfeti makusudi, ijenge utando ndani ya mabomba ya zamani ili madini ya risasi yasiyeyuke yakawafikia wanywaji. Kwa kunywa hayana neno. Kwangu yalikuwa mbolea, na kila nilipojazia maji yaliyopotea kwa mvuke nilikuwa namwagilia shamba.

Nikanunua chujio la utando, lile linalosukuma maji kwa shinikizo mpaka yabaki maji matupu. Ningeishia hapo nikasubiri miezi miwili, mambo yangetengemaa. Lakini nilikuwa na hasira na zile nywele. Nikatia chembechembe za chuma zinazonasa fosfeti, kipimo kizima cha kwenye kopo, badala ya kuanza na robo. Siku ya tisa fosfeti ikasoma sifuri. Nitreti, kirutubisho kingine, nayo sifuri. Nikajiona fundi.

Nywele zikapauka, zikang'oka. Wiki iliyofuata matumbawe nayo yakapauka. Tumbawe hufuga mwani wake ndani ya nyama, wa chembe moja moja, na huo ndio unaolipa sehemu kubwa ya chakula na rangi yake. Nilipozinyima nywele fosfeti, nao niliunyima. Tumbawe langu la matawi membamba likaanza kumenyuka kuanzia chini, ukabaki mfupa mweupe. Kisha mchangani ukazuka ute wa kahawia kama makamasi, umejaa mapovu, unatoweka usiku na kurudi mchana. Konokono wawili wakafa. Chini ya darubini ya bei ya chee niliona vidude vyenye umbo la tone la maji vikiyumba pale pale kama mashua iliyotiwa nanga: dinoflajelati, viumbe vya chembe moja. Hustawi sana kwenye tangi lililosafishwa kupita kiasi, maana washindani wao wote wamekwisha kwa njaa.

Basi nikaanza kutengua niliyoyafanya. Nikatoa chuma, nikasimamisha kubadilisha maji, nikaongeza chakula cha samaki, na kila jioni nikawa natia matone ya nitreti na fosfeti. Mbolea ile ile! Nikaendelea mpaka fosfeti ikashika 0.08 na nitreti 8. Kwa vile aina hii huachia mchanga usiku ikaelea, niliyapitisha maji kwenye taa ya urujuanimno inayoua viumbe vidogo, na kwa siku tatu nikalifunika tangi kwa blanketi. Wiki ya tano ute ukaisha. Tumbawe la matawi halikupona, ila nilikata kipande juu ya palipokufa, urefu wa kidole, nikakibandika kwa gundi kwenye jiwe jingine. Kimeshika.

Sasa chini ya kabati nina tangi dogo lenye taa inayowaka usiku, na ndani yake mwani wa nyuzi ngumu uliojiviringa kama dodoki. Unakula ziada yote kabla haijafika kwenye mawe. Kila baada ya wiki mbili natoa fungu la kujaza bakuli. Mavuno ya kwanza nilimtumia mama picha. Akajibu kwa sauti: "Mashaallah. Na huko kilo wananunua shilingi ngapi?"